Tano Tisa

Saa nne na dakika kumi asubuhi Bi Waya alikuwa akisafisha uvungu wa cherehani ya mteja kwa mswaki mkuukuu, mafuta yamemfika viwikoni, redio ya dirishani ilipoacha kukoroma na mdogo wake akamwita. Miaka sita ilikuwa imepita bila mtu yeyote kumsikia. Alitaja alama ya kituo chake kwa ule mtindo wake wa kumeza herufi ya mwisho, kisha akauliza, "Dada, unanisikia vipi?"

Bi Waya aliweka mswaki chini, akajifuta mikono, akasogeza daftari.

"Tano tatu," alisema. "Sauti yako inavuma, kama unasemea ndani ya pipa. Maikrofoni yako mbovu. Uko wapi?"

"Tano tatu tu?"

"Ndivyo ninavyosikia. Nipe mraba wako."

Redio ikarudi kukoroma. Ilikuwa dakika moja na nusu, haikuzidi.

Mama yao, aliyekuwa amekaa karibu na mlango akifuma, hakuinua macho. "Ni Kitinda huyo?"

"Ndiye."

"Amekula?"

"Sikuwahi kumuuliza."

"Miaka sita, na humuulizi mtoto kama amekula," mama alisema, akaendelea kufuma.

Jina la Bi Waya alipewa na majirani kwa ajili ya ile antena ya vyuma vitano juu ya paa lake, ambayo walikwisha kuilaumu kwa kila kitu, kuanzia kuku kutotaga hadi mipira kukatika kwenye televisheni. Siku nyingi redio yake haifiki mbali. Mtaa wa tatu, basi. Lakini msimu wa joto ukiingia, hewa ya juu kabisa hujikaza mahali fulani ikawa kama mfuniko wa sufuria: wimbi likipanda linagonga, linashukia nchi ya nne huko. Wenyewe husema njia imefunguka. Inafunguka bila hodi na kufungika bila kwaheri, na kwa dakika hizo chache unamsikia mtu wa ng'ambo waziwazi, ilhali jirani yako humsikii kwa sababu wimbi limemruka.

Na kuongea tu hakutoshi. Mawasiliano hayahesabiwi mpaka watu wawili wapeane vitu vitatu: alama ya kituo, ripoti, na mraba, yaani zile herufi na tarakimu sita zinazosema uko kwenye kipande gani cha dunia. Ripoti ni tarakimu mbili. Ya kwanza inasema maneno yanaelewekaje, mwisho wake tano. Ya pili inasema nguvu, mwisho wake tisa. Siku hizi watu wanamgawia kila mtu tano tisa kama peremende. Kitinda, aliyemfundisha dada yake mambo yote haya, hakuwapenda watu hao. Ripoti ni kiapo, alikuwa akisema. Ukitaka kudanganya ripoti, zima redio uende ukalale.

Kitinda alikuwa fundi wa nondo. Asubuhi moja alitoka kwenda kufunga nondo kwenye ghala jipya la kampuni kubwa, redio ndogo ya mkononi ikiwa mfukoni mwa ovaroli, maana mtu yule hakwenda hata chooni bila redio. Siku hiyo mbao za kumwagia zege ziliporomoka. Kampuni ilisema hakuna aliyeumia. Kuhusu Kitinda ilileta karatasi: ameacha kazi kwa hiari, inasemekana amevuka mpaka. Mama akaanza kumfumia sweta, kwani huko ng'ambo kuna baridi, na lilipokwisha akaanza jingine. Sasa alikuwa kwenye la kumi na moja.

Bi Waya aliiamini ile karatasi, na sasa sauti imeithibitisha. Imekuja kwa njia ya juu, basi mwenyewe yuko mbali, na aliye mbali yu hai. Kilichobaki ni mraba. Akiupata atajua nchi, atajua mji, atapanda basi amfuate. Kuanzia siku hiyo roho yake ikawa juu juu. Alihamishia meza ya kazi chini ya redio. Alioga mlango wazi. Wateja waliokuja kudai cherehani zao waliambiwa kesho, na kesho ilipofika wakaambiwa wanyamaze.

Siku ya tisa, saa tano kasoro, njia ilifunguka tena.

"Mraba!" Bi Waya alisema, hata kabla ya salamu.

Kitinda akatoa herufi mbili na tarakimu mbili. Bi Waya aliziandika, akazitazama, akaona ni zake mwenyewe.

"Huo ni wa kwangu, mjinga wee. Nataka wako!"

"Hujambo kwanza, dada?"

"Sijambo. Mraba!"

"Mama je?"

"Anakufumia sweta. Anauliza umekula?"

"Siku hizi sisikii njaa," Kitinda alisema, na njia ikafungika.

Bi Waya alipiga meza kwa kiganja hata bobini zikatawanyika sakafuni. Mama aliridhika. Kama haumwi na njaa, alisema, basi wanamtunza.

Mara ya tatu walibahatika dakika nne nzima. Kitinda akaurudia mraba ule ule, akaongeza herufi mbili za mwisho zilizokuwa zimebaki. Bi Waya akamtaka arudie, naye akarudia, polepole, bila utani.

"Na betri?" dada mtu aliuliza.

"Bado vistari viwili."

Alitandaza ramani juu ya meza. Herufi mbili za mwisho hukipunguza kipande cha dunia kikabaki kilomita chache, na ndani ya kipande kile, upande wa mashariki wa mji wao huo huo, mlikuwa na kinamasi, barabara ya lami na ghala. Kinamasini hakai mtu.

Hapo ndipo alipolikumbuka lile pipa. Mara nyingine wimbi huenda mbali, likagonga huko, kisha likarudi limechoka hadi lilikotoka, na sauti yake huvuma vile vile. Kitabu cha Kitinda kilieleza jambo hilo ukurasa mzima, pamoja na mchoro, na Bi Waya aliujua ukurasa ule kwa moyo. Mara tatu alimsikia mtu wa karibu akailaumu maikrofoni, kwa sababu alitaka awe mbali. Alilia pale pale mezani, akajifuta kwa kitambaa cha mafuta, uso ukabaki mweusi.

"Mama," alisema, "Kitinda yuko ghalani. Chini ya sakafu."

Mama alihesabu vitanzi mpaka mwisho wa mstari. "Huko chini kuna baridi?"

"Sijui, mama."

"Muulize."

Kesho yake Bi Waya alikwenda ofisi ya ghala. Karani wa mapokezi, mwanamke mpole aliyevaa miwani shingoni, alimsikiliza hadi mwisho.

"Aah, yule!" alisema. "Kumbe ni ndugu yako. Anaingia kwenye redio za walinzi wetu kila siku saa nne. Wameshamzoea, wanamwamkia. Afadhali umekuja, mwambie apunguze nguvu kidogo."

"Nataka mumfukue."

Karani akavaa miwani, akafungua faili. "Hapa ameandikwa ameacha kazi kwa hiari. Aliyeacha kazi hatuna namna ya kumfukua, dada yangu. Angekuwa bado mwajiriwa, hapo tungezungumza."

"Na huyo anayeongea chini ya sakafu yenu ni nani?"

"Ni yeye," karani alisema. "Hilo hatujakataa."

Akampa fomu ya malalamiko ya usumbufu wa mawimbi, maana ndiyo iliyokuwepo. Penye nafasi ya chanzo cha usumbufu Bi Waya aliandika zile herufi na tarakimu sita, akikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Meneja akatia saini. Polisi nao waliisoma, wakaiona saini, wakasema suala linashughulikiwa.

Lilishughulikiwa wiki iliyofuata. Yalikuja magari matatu ya zege, na sakafu yote ya ghala ikaongezwa tabaka la unene wa futi moja. Walinzi walisema redio zao zimetulia sana.

Bi Waya hakutoka tena nyumbani. Msimu ulikuwa ukielekea ukingoni, na ukiisha, njia haifunguki mpaka mwaka mwingine. Mama akaleta kiti chake karibu na redio, sweta la kumi na moja likiwa mapajani, limekwisha. Wakakaa hivyo siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na tatu, saa nne na robo, mlio ulibadilika. Bi Waya alibana spika kwenye sikio. Alisikia nusu neno, kisha mlio mtupu, kisha nusu nyingine, akawa anayaunganisha mwenyewe.

"Dada... huku kumekuwa kuzito ghafla. Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

Bi Waya alimtazama mama, naye mama akatazama redio.

"Wanasema wanakusikia," alisema.

Redio ilikoroma hata akadhani njia imefungika. Kisha sauti ikarudi, nyembamba.

"Na wewe, dada? Unanisikia vipi?"

"Tano tisa," Bi Waya alisema. Akakohoa, akabonyeza tena. "Tano tisa, mdogo wangu. Kama uko jikoni."

"Mwongo wewe," Kitinda alisema, na neno hilo walilisikia wote wawili, mama na mwana, safi kabisa. Kisha redio ikaanza kukoroma.

Bi Waya alivuta daftari, akaandika saa, alama ya kituo na mraba. Penye ripoti aliandika mbili moja.

"Umemuuliza kuhusu baridi?" mama alisema.

"Sikuwahi."

Mama alilikunja sweta la kumi na moja, akaliweka juu ya mengine kumi kabatini, akarudi na bunda jipya la uzi. Alilipima kwa vidole, akatikisa kichwa, akachukua la pili, akaunganisha nyuzi mbili pamoja.

"Hili nitalifuma zito," alisema.