Maji Kando ya Kitanda

Mama yangu alikufa bila kubatizwa, na ndoo ya maji ilikuwa pale pale kando ya kitanda chake.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu karibu na Kikopey. Kanisa letu lilikuwa banda la mabati, na aliyetuongoza ni Mwalimu Ogola, karani wa maziwa. Aliendesha sala za Jumapili na kufundisha darasa la ubatizo. Kubatiza ilikuwa kazi ya Padri Waithaka, aliyekaa Nakuru. Mwaka ule wa Hali ya Hatari, Mkikuyu hakutoka mjini bila pasi ya serikali ya kusafiria, hata akiwa padri kama yeye.

Mama alikuwa amemaliza darasa. Amri Kumi alizisema akikamua ng'ombe. Jina alishachagua, Raheli, na kitambaa cheupe cha kichwa alishashona. Kisha nimonia ikamshika.

Nikamleta Ogola.

"Mbatize," nikamwambia.

"Baba Wamuyu, sina ruhusa. Padri alituambia kwenye mkutano wa walimu: mwalimu asiguse maji ya ubatizo."

Mama akafungua macho. "Kwani haya maji yanauma, Mwalimu?"

"Hayaumi, mama. Tumsubiri padri tu."

"Mimi nitasubiri. Yaulize haya mapafu kama yatasubiri."

Ogola akasoma zaburi, akaondoka. Nilimfuata mpaka nje nikamwita mwoga. Akaniuliza, "Nikifukuzwa kazi ya kanisa, utanirudisha wewe?"

Alfajiri mama akafa. Ogola akakataa kusoma hata sala za maziko, kwa kuwa kitabu cha sala kinasema si za mtu asiyebatizwa. Hiyo sheria aliijua vizuri sana.

Padri Waithaka alipata pasi tukiwa tumeshazika. Alisikiliza habari yote, akavua kofia.

"Ogola, si ungembatiza mwenyewe? Mtu akiwa mahututi, Mkristo yeyote anaruhusiwa."

"Ulisema tusiguse maji."

"Nilimaanisha ubatizo wa Jumapili, kanisani! Walimu walikuwa wanabatiza watu ovyo."

"Jumapili hukuitaja, Padri."

Padri akageuza geuza kofia mikononi. "Nilidhani mnajua."

"Wangejulia wapi?" nikauliza. "Wewe ndiye wa kuwaambia."

Akaomba twende tusali kaburini. Nikamwambia aende na Ogola, wanajuana.

Basi hasara yenyewe ni hii. Mama amelala nje ya ua wa kanisa, kwenye malisho ya ng'ombe, na siku tuliyomzika hakuna aliyethubutu hata kuimba. Jina la Raheli halikuitwa juu yake. Kitambaa kiko sandukuni na mikunjo yake. Ogola aliacha kufundisha, darasa likatawanyika, na wale waliokuwa wanangoja maji pamoja na mama hawajabatizwa mpaka leo. Mimi Jumapili nashinda nyumbani.