Majirani Wanaopendana

Waliokuja kupiga filamu kwenye nyumba yetu ya kupanga walisema wanataka maisha ya mtaani kama yalivyo, kisha wakaanza kuyapanga upya. Ndoo zikapangwa kwa rangi. Nguo zangu zikaanuliwa, zikaanikwa za kwao, zimeshonwa ovyo, na mimi ni fundi cherehani.

Mwongozaji alitaka majirani wawili walio chanda na pete. Akanichagua mimi na mkunga wa chumba cha pili. Hakuna aliyemwambia kwamba tuna miaka mitatu hatusalimiani. Mama yangu alipozikwa, mtaa mzima ulikuja isipokuwa yeye, tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema. Hii ya karibu nayo iligoma. Nilimchukia, sifichi.

Kazi ilikuwa nigonge, afungue, tuzungumze huku tukicheka.

"Sauti hatuchukui, tutaweka muziki," alisema mwongozaji. "Semeni chochote, mradi nyuso zicheke."

Nikagonga. Nikamchekea meno yote nje. "Mama yangu alizikwa, wewe hukuonekana."

Naye akacheka. "Leo ndiyo umekumbuka kuniuliza?"

"Safi sana," alisema mwongozaji. "Rudieni."

Mara ya pili nilimwambia ana roho ya jiwe. Mara ya tatu aliniambia mdomo wangu hauna breki. Mwongozaji alifurahi, akasema upendo wa watu wa mtaani hauigiziki.

Mara ya nne mkunga alinishika bega, kama alivyoelekezwa, akitabasamu.

"Mama yako alikata roho mikononi mwangu, wewe uko kazini. Uliporudi ukasema nimemuua, nitoke, nisikanyage tena kwako. Mazishini ningekuja kwa miguu ya nani?"

Kilio cha siku ile nilikikumbuka. Maneno sikuyakumbuka, lakini nilijua ni yangu, maana hivyo ndivyo ninavyosema nikiumia. Niliona aibu.

"Mama, cheka," mwongozaji alinikumbusha.

Nikacheka, machozi yananitoka. "Nisamehe, dada yangu."

"Hiyo hiyo. Tumepata." Wakazima kamera, wakaanza kukunja nyaya.

Mkunga alibaki mlangoni. Tabasamu lilikuwa limemtoka usoni.

"Sasa hawatupigi picha," alisema. "Sema tena."

Nikasema. Akasogea kando, nikaingia.