Raba ya Kulia Ilinibana

Kwenye kalenda ya kampuni yetu imeandikwa kwamba Raba za Ndugu ilianzishwa Ngara mwaka 1994 "kwa umoja na mshikamano". Aliyeandika ni Ansbert, mtoto wa kaka yangu Danstan. Simlaumu. Siku mambo yalipoamuliwa alikuwepo, ila mgongoni mwa mama yake, amelala fofofo.

Umoja gani? Kaka zangu walikaa mwaka mzima bila kusalimiana.

Baba yetu alikuwa fundi viatu, tena mjanja. Alimfundisha Anatoli, mkubwa, kushona kiatu cha kushoto tu. Naye Danstan alifundishwa cha kulia tu. Watu walimcheka, wakasema ni uzee. Yeye alijua wanawe wote wawili wana vichwa vigumu, na mwenye kiatu kimoja hana biashara. Alipofariki, mama akiwa ametangulia, waliachiwa mimi, Priscila, na hiyo kazi ya nusu nusu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Mwaka huo wa 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa kambi ya Benaco, jirani na kwetu, na malori yaliyowaletea chakula yakaacha matairi mabovu kila kona ya barabara. Vijana wa kambini walicheza mpira peku. Kaka zangu wakaanza kuwashonea raba: soli ya tairi, juu turubai kuukuu, na kamba ndefu za kufungia kifundoni. Mguu wa mteja ulichorwa kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Zilikuwa nzito, lakini hazikuisha.

Kambini huko ndiko Danstan alikompata Nimpaye. Akamwomba Anatoli, kama mkubwa wa nyumba, aende kumposea kwa shangazi wa binti. Anatoli akakataa. Alisema wale ni watu wa kupita, kesho watarudi kwao. Nimpaye aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, maana alikuwa amekaa nje ya mlango akisubiri jibu. Danstan akafunga kisu chake na vipande vya boksi, yeye na Nimpaye wakahamia Nemba, wilaya ya Biharamulo.

Anatoli alijaribu kushona cha kulia. Naapa, kila alichokigusa kilipinda kikawa cha kushoto. Raba za kushoto zilijaa hadi chini ya kitanda changu. Nilimcheka mbele yake, kisha nikalia njiani kwenda kisimani. Wahenga wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nililima mwaka mzima, hawakupatana.

Juni 1996 nilichaguliwa kwenda Biharamulo kukimbia mashindano ya shule za msingi. Nilituma salamu Nemba kwa dereva wa lori la mihogo: mwambie kaka nakimbia, na sina kiatu cha kulia. Anatoli naye alinipima upya, akanishonea raba ya kushoto nzuri kuliko zote alizowahi kushona, akaifunga kwenye gazeti.

"Ya kulia utaipata huko huko," alisema bila kunitazama. Kisha akapanda gari pamoja nami.

Uwanjani Danstan alitokea na gazeti lake kwapani. Nyuma yake alikuja Nimpaye na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Anatoli alichuchumaa kwenye mguu wangu wa kushoto, Danstan kwenye wa kulia, wakafunga kamba. Mshono ulikuwa mmoja, fundo lilikuwa moja, kana kwamba wamekaa benchi moja asubuhi hiyo.

Lakini ya kulia ilinibana. Danstan aliishona kwa kipimo cha zamani, alichoondoka nacho nyumbani, na mimi nilikuwa nimerefuka. Mimi sikutaka medali. Nilitaka kaka zangu warudi nyumba moja. Ningesema inabana, Anatoli angefungua mdomo kumsuta Danstan, na mapatano yangeishia hapo.

"Imenienea," nikasema.

Nikakimbia, nikawa wa nne. Nilipokaa kwenye nyasi, Danstan alinivua ya kulia. Kidole gumba kilikuwa kinatoka damu. Aliitazama ile raba, akaificha haraka ndani ya koti lake ili kaka yake asiione.

"Umekua, Priscila," alisema taratibu. "Na mimi sikuwepo."

Nililia bila aibu. Anatoli alidhani nalilia medali. Alisimama hapo, kofia mkononi, hajui pa kutazama, hadi Nimpaye alipomsogelea, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, shemeji," Anatoli akajibu. "Nilikosa. Nipe huyo mtoto nimbebe, twende nyumbani."

Danstan alisema sawa, lakini anakuja siku moja tu, kunipima mguu. Desemba kambi ikafungwa, wakimbizi wakavuka kurudi kwao, na Nimpaye akabaki kwetu.

Sasa nina watoto wakubwa. Danstan hajamaliza kunipima.