Laptopu Iliyoangukia Kokoto

Mzee Timazi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa binti yake. Jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, walimpa mafundi wenzake, kwa sababu katika miaka thelathini na nne ya ujenzi hakuna ukuta wake uliowahi kuinama hata unywele. Lakini thubutu umsifie ukuta! Atakukatiza: "Binti yangu ni injinia." Muulize saa, atakuambia ni saa mbili, na binti yake injinia yuko njiani. Watu walishamchoka, ila kwa namna ile unavyomchoka mtu unayempenda.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo kapangiwa kazi na binti huyohuyo. Jengo lilikuwa zahanati ya ghorofa. Binti ndiye injinia msimamizi, kwa mara ya kwanza peke yake, na baba ndiye fundi mkuu chini yake. Mkandarasi alikuwa amesema bila kupepesa macho, "Nampa nafasi moja. Akiteleza, naleta injinia mwingine."

Siku yenyewe ilikuwa ya kumwaga zege la ngazi. Wiki moja nyuma, mwenye jengo alikuwa ameamua nguzo iliyoshikilia ngazi iondolewe ili machela za wagonjwa zipate pa kukatia kona. Nguzo ikiondoka, mzigo wote unabebwa na nondo zilizo ndani ya zege, kwa hiyo hesabu zote zikaanza upya. Injinia alizipiga siku tatu, akamsomea baba yake vipimo, baba akafunga nondo. Hesabu zenyewe na mchoro vilikuwa ndani ya laptopu tu, na asubuhi hiyo ndipo angevichapisha kwenye karatasi. Mkaguzi angefika saa nne azione, atie sahihi. Bila sahihi hakuna zege, na lori la zege likishafika halina subira na mtu.

Saa tatu kasoro Injinia aliitwa getini. "Baba, hiyo laptopu iache hapohapo mezani," alisema akitoka.

"Sawa, Injinia."

Sawa! Mdomo ulisema sawa, miguu ikaenda zake. Hata dakika mbili hazikupita, Mzee Timazi alikuwa ghorofani na laptopu kwapani, anawaita vijana wake wa nondo. Akaifungua juu ya rundo la matofali, ukingoni kabisa.

"Sogeeni muone! Hii mistari yote imetoka kichwani mwa mtoto niliyemfundisha kushika penseli mimi mwenyewe."

"Mzee, sifa zitakuua," alisema fundi umeme, aliyekuwa akipitisha nyaya pembeni.

"Acha ziniue! Tazameni ngazi inavyoruka kutoka hapa mpaka kule, haina nguzo!" Na ili waone vizuri inavyoruka, akaunyoosha mkono wote.

Kiwiko kiliisukuma laptopu. Ikagonga jukwaa mara moja, ikajipindua, ikaangukia lundo la kokoto chini. Wote wakakimbilia chini.

Fundi umeme alikuwa wa kwanza kuifikia. Kioo kilikuwa kimepasuka chote, kona moja imebonyea, bawaba imechomoka. Mzee Timazi alifika anatweta, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuwasha.

"Usiiwashe!" Fundi umeme alimpiga mkono kama mtoto mdokozi. "Ukiiwasha ikiwa imevunjika ndani ndiyo utaimaliza kabisa." Akafungua skrubu za chini kwa bisibisi yake, akachomoa betri, akaitikisa laptopu kidogo karibu na sikio. Kitu kikacheza ndani. "Hii ni ya kupeleka kwa fundi wa kompyuta mjini. Vilivyomo huenda vikapona. Lakini leo sahau, Mzee."

Majuto ni mjukuu, tumefundishwa tangu utotoni, na bado yule mjukuu hufika mapema kuliko tulivyomtarajia. Mzee Timazi aliibeba ile laptopu mikononi mpaka getini. Alikuwa ameandaa maneno mengi. Alipomwona binti yake yakamwishia yote.

"Nimeiangusha, mama. Nilikuwa nakuringia kwa vijana."

Injinia aliitazama laptopu, akamtazama baba yake. "Baba, nilikuambia nini?"

"Uliniambia niiache mezani."

"Sasa nitamwonyesha nini mkaguzi?" Baba mtu alitamani kokoto zile zimmeze, na kusema kweli alistahili.

Mkaguzi alifika saa nne kamili. Alikuwa mwanamama mfupi mwenye miwani, asiyejua utani. Alielezwa, akaonyeshwa ule uharibifu.

"Nani kaiangusha?"

"Iliteleza tu, mama," Injinia alisema.

"Haikuteleza," Mzee Timazi alidakia. "Ni mimi. Sifa zimeniponza."

Mkaguzi hakucheka. "Mimi sikuja kukagua kompyuta. Nimekuja kukagua hesabu. Unazo kichwani, binti?"

"Zote hapana, mama. Lakini najua njia ya kuzipata."

"Haya, zipate. Nakupa mpaka lori lifike."

Injinia aliomba penseli ya seremala. Akasimamisha ubao mpana ukutani, akaipa ngazi mgongo kwa makusudi, asizione nondo zilizokwisha kufungwa. Akaanza. Vidato tisa, kila kimoja sentimita kumi na saba kwenda juu. Uzito wa zege. Uzito wa watu, na machela, na wabebaji wake. Mkaguzi alisimama nyuma yake na kikokotoo, akimfuata mstari kwa mstari.

Mzee Timazi alijua jibu. Nondo kumi na moja, za milimita kumi na sita. Alizikata kwa mikono yake, angekosaje kujua? Kwa hiyo binti yake alipofika chini ya ubao na kuandika kumi na tatu, aligeuka akazihesabu tena zile nondo. Kumi na tatu! Mkaguzi akihesabu, atakuta mbili hazipo, na hapo kazi imekwisha. Neno moja tu lingemwokoa mtoto wake. Yeye ndiye aliyemtia shimoni. Nani mwingine wa kumtoa? Akasogea hatua moja, akajifanya anasafisha koo.

"Baba," Injinia alisema bila kugeuka. "Usiniambie."

Akarudi nyuma. Hakuwahi kubeba mfuko wa saruji ulio mzito kama kile kimya.

Injinia alipanda na penseli kwenye mistari yake, mmoja baada ya mwingine. Akasimama katikati. "Aah! Nimeweka unene wa zamani. Zege ni sentimita kumi na nane, si kumi na tano, na zege nene hudai nondo chache." Akafuta kwa kiganja, akateremka upya, akaandika kumi na moja na kuipigia mstari.

Mkaguzi alimaliza hesabu yake, akazima kikokotoo. Akaenda kwenye ngazi, akainama, akagusa nondo moja moja kwa kalamu. Akapima nafasi kati yake, akapima tena.

"Kumi na moja," alisema, na kutia sahihi. "Laptopu ikipona utaniletea nakala. Ikifa, niletee huo ubao." Kisha akamgeukia Mzee Timazi. "Wewe mzee, endelea kuringa. Ila shika kitu kisichovunjika."

Mafundi walishangilia, makoleo juu. Mzee Timazi alijifuta uso kwa kofia, akisingizia vumbi.

Lori likaingia likinguruma. Kila mtu akashika nafasi yake, macho kwa Mzee, maana miaka yote hiyo neno la kumwaga lilitoka kinywani mwake na si kwa mwingine. Safari hii aligeuka.

"Injinia, tumwage?"

Injinia alichungulia chini ya ngazi, akatingisha mti mmoja kati ya ile iliyoshikilia mbao za kumwagia zege. Ukacheza.

"Bado. Huu umelegea."

Mafundi wakatazamana. Mti ule aliusimamisha Mzee Timazi mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwambia umelegea. Mzee alikwisha kuwa magotini, nyundo mkononi, anatabasamu mpaka masikioni.

"Mnashangaa nini nyinyi?" aliwafokea kutoka chini ya mbao. "Hamjasikia? Injinia kasema bado!"