Sindano ya Kabla ya Kisu

Nesi alishika faili akauliza, "Mama, kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

"Mimi? Chuma!" akajibu wifi mtu, tayari kavaa gauni la kijani la upasuaji. "Hata misumari nameza."

Nesi akacheka, akaenda kwenye meza ya dawa pembeni.

Mke wa kaka yake, aliyekaa ubavuni akimkunjia kanga, aliacha kukunja. Aliikumbuka ile sindano ya penisilini aliyochomwa wifi kwa kidonda cha goti. Robo saa tu, uso wa wifi ulivimba mpaka macho yakabaki mistari, pumzi ikawa ya kuomba.

"Wifi," alinong'ona, "na ile ya goti?"

"Funga bakuli lako! Wameniahirisha mara mbili. Miaka miwili natoka damu, nalala juu ya plastiki kama godoro la mtoto. Leo hiki kizazi kinatoka, utake usitake."

Mke wa kaka akarudia kukunja kanga. Tangu aolewe, miaka saba, hakuwahi kumpinga wifi hata kwenye chumvi.

Nesi akarudi na bomba la sindano. "Hii ni ya kuzuia vijidudu visiingie kwenye kidonda. Inatangulia kisu, ili kisu kikifika kiikute mwilini." Akashika mpira wa dripu.

"Nesi, subiri." Sauti ya mke wa kaka ilitoka nyembamba kama uzi. "Penisilini inamkataa. Alivimba uso, akakosa pumzi. Niliona mimi."

Wifi akafumba macho. "Nimekwisha."

Nesi alirudisha mkono taratibu. "Mama, hii na penisilini ni ndugu." Akaandika kwa wino mwekundu juu ya faili, akamwita daktari wa usingizi. Wakashauriana. "Tunakupa nyingine, isiyo ya ukoo huo. Hakuna kuahirisha. Ila ukituficha tena, nakushona mdomo kwanza."

Sindano nyingine ikaingia polepole. Uso ukabaki uso.

Kitanda kilipoanza kusukumwa, wifi alimdaka mkono. "Miaka saba naomba Mungu huyu mtoto aongee. Siku anafungua mdomo, ananichongea mbele ya macho yangu!"

"Nisamehe, wifi."

"Nikusamehe nini, mjinga wewe? Tembea, twende."

Mlangoni nesi akasimamisha kitanda. "Mama, mwachie sasa. Yeye hapasuliwi."