Ukitoka, Usifunge

Jumanne asubuhi, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, Mama Majaribio, ambaye kazi yake ni kujaribu programu za kompyuta, aliifanya programu mama ifungue faili, kisha akaifanya izae. Programu mtoto ikazaliwa nzima. Akaiamuru programu mama ilifunge faili, nayo ikalifunga. Akabadilisha ruhusa ili asiwepo wa kulifungua tena, halafu, kwa kuwa kazi ni kazi, akalifuta kabisa. Ndipo akamwuliza mtoto ana nini mkononi. Mtoto akalisoma faili lote, mstari kwa mstari, bila wasiwasi.

"Anasoma," alimwambia mkuu wa kitengo, ambaye alikuwa akikoroga chai kwa kalamu.

"Si umelifuta?"

"Nimefuta jina. Kitu chenyewe hakiondoki mpaka aliyekishika wa mwisho akiachie. Mama alikifungua, mtoto akazaliwa nacho. Ndivyo walivyo."

Mkuu alifikiri. Programu ile ilikuwa ya kuuza tiketi, na kila mtoto wake alikuwa anamhudumia mteja mmoja. Haikupendeza mtoto wa mteja huyu azaliwe ameshika mambo ya mteja yule. "Kuna alama ya kuwafanya wasirithi," alisema. "Niambie tuiweke kwenye mafaili yapi."

Mama Majaribio alisema atamwambia. Hakuwa ameshangaa hata kidogo, maana nyumbani kwake alikuwa anaishi na jambo hilohilo.

Binti yake aliitwa Kushoto. Alikuwa na jina la shuleni, lakini halikuwa na kazi. Mkunga ndiye aliyeanza, baada ya kushindwa kukunjua ngumi ya kushoto ya mtoto. "Huyu amekuja ameshika kitasa," alisema, akamfunga nepi, akaenda kwa mzazi mwingine. Mtoto alipoanza kutembea mambo yakajieleza. Akifungua kabati la nguo kwa mkono wa kulia, anakuta nguo. Akifungua kwa mkono wa kushoto, anakuta jiko la nyumba ya marehemu babu yake, jua la alasiri limelala sakafuni, birika liko motoni. Siku ya kwanza alirudi na mwiko ulioungua mpini. Mama yake aliujua mwiko ule, akauosha, akaanza kuutumia.

Jiko lile Mama Majaribio mwenyewe aliliacha wazi kwa mkono wake. Ilikuwa siku ya tatu ya msiba wa baba yake. Wanaume wa ukoo walikuwa wamejifungia sebuleni wanagawa mali, naye, na tumbo lake la miezi minane, alikuwa jikoni anawachemshia chai. Kaka yake akatoka, akafunga mlango wa sebule nyuma yake, akamwambia nyumba ni yake yeye peke yake. "Mzee mwenyewe alitaka hivyo. Binti aliyeolewa ana kwake." Mama Majaribio aliliacha birika palepale, akatokea mlango wa nyuma, na kwa hasira hakuufunga. Nani afunge mlango wa mtu mwingine?

Nyumba angeweza kuimeza. Watu wamemeza makubwa zaidi wakaishi. Kilichomkaa kooni miaka yote ni yale maneno, kwamba mzee mwenyewe alitaka hivyo. Baba aliyekuwa akimkatia kipande cha mwisho cha mkate, chenye ganda, kwa sababu alijua anakipenda, iweje amsahau kwenye nyumba? Hakuwa na wa kumwuliza. Kaka alipodai ufunguo, mtoto ameshazaliwa, dada aliudondosha getini kwake akasema, "Mlango huu mimi nimeufunga." Maneno yakitoka hayarudi. Tangu hapo afungue kabati kwa mkono wowote, anakuta makoti.

Kaka alibadilisha vitasa. Baadaye akaivunja nyumba yote, akajenga ghala la simenti. Kushoto hakuona tofauti. Aliendelea kwenda kunywa chai.

Jumamosi ya wiki ileile, baada ya chakula cha mchana, kaka alifika na pakiti ya biskuti.

"Shikamoo, mjomba," alisema Kushoto.

"Marahaba, mpwa wangu. Umekua." Akakaa, akamgeukia dada yake. "Dada, simenti yangu inaganda kwenye mifuko. Kuna mvuke unatoka sakafuni, na harufu ya tangawizi. Wateja wananicheka. Mwambie mtoto afunge ule mlango."

"Akiufunga, jiko limekwisha. Aliyelishika sasa ni yeye peke yake."

"Jiko lilikwisha zamani. Nililibomoa mimi."

"Ulibomoa jina," alisema Mama Majaribio, akammiminia chai.

Kaka hakubishana na hilo, alikuwa mfanyabiashara. "Kwani anafanya nini humo?"

"Muulize mwenyewe. Mdomo anao."

Kushoto alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kabati, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, anakula biskuti. "Nakunywa chai," alisema. "Halafu nawasikiliza wazee."

"Wazee gani?"

"Wa sebuleni. Siwaoni, mlango wao ulifungwa. Kikao chao hakijaisha. Na wewe umo, mjomba. Unaongea kuliko wote."

Mjomba aliweka kikombe mezani. "Nasema nini?"

Kushoto alifuta makombo mdomoni, akafanya sauti nzito. "'Tumwambie mzee alitaka hivyo. Kaburini hatoki kuulizwa.' Halafu kuna mmoja mwenye kikohozi, anasema, 'Lakini mzee alisema wagawane sawa, sote tulikuwepo.' Halafu wewe unasema, 'Ameolewa yule, hatauliza.' Halafu wanakaa kimya. Halafu wanataka chai."

Mama Majaribio alikuwa bado ameshika birika. Alilishusha polepole. "Wanasema hivyo kila siku?"

"Kila siku. Nilidhani unajua."

Hapo Mama Majaribio alilia, mbele ya kaka yake, bila kujificha, na kilikuwa kilio cha furaha. Baba yake hakumtupa. Alikuwa amemchukia marehemu miaka yote hiyo bure, na sasa chuki ile ilimtoka. Alijifuta kwa kanga, akamwongezea mgeni sukari.

"Mtoto anaota," alisema kaka.

"Si ndoto, mjomba. Ni kabati."

Kaka alikunywa chai yake mpaka chini. "Hata kama," alisema mwishowe. "Ghala limeshajengwa." Akaaga vizuri, akaondoka.

Kesho yake Mama Majaribio alimchukua Kushoto wakaenda kwa baba yake mdogo, ndugu wa marehemu, ambaye hadi leo anakohoa. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli nilisema, mwanangu," alijibu. "Lakini nilisema ndani, mlango umefungwa. Ya ndani husemwa ndani, na nyumba yenyewe imevunjwa. Sasa unataka nikayasemee wapi?" Akamwombea heri, akampa mtoto embe. Wazee wengine waliobaki walijibu vivyo hivyo, isipokuwa embe. Mmoja aliongeza kwamba ushahidi wa kabatini haupokelewi.

Jumatatu mkuu wa kitengo aliuliza alama iwekwe wapi.

"Mafaili yote ya wateja," alisema Mama Majaribio. "Mtoto asirithi hata moja. Lile moja ambalo mama analifungua kwa ajili ya wanawe, hilo liache."

"Una uhakika?"

"Nimejaribu."

Mkuu akaandika hivyo hivyo, na tiketi zikauzwa bila tatizo.

Jioni, nyumbani, alikuta majirani wanawapigia watoto wao kelele za kila siku, funga mlango, mbu wanaingia, umezaliwa wapi wewe. Alitandika nguo za kupiga pasi kitandani, karibu na kabati. Siku hizi ameweka na kigoda hapo. Kushoto alifungua kwa mkono wake, harufu ya tangawizi ikaingia chumbani, naye akaingia jikoni.

"Wamefika wapi?" aliuliza mama yake.

"Bado wanasalimiana."

Alipiga pasi shati, akapiga na sketi ya shule. Kule mjini simenti ilikuwa inaganda, na mwenye ghala alikuwa ameshaanza kuiuza kama mawe, kwa bei nzuri.

"Sasa?"

"Yule wa kikohozi amesema. Wagawane sawa."

"Na mjomba?"

"Amesema hutauliza."

Mama Majaribio alikunja sketi, akaiweka juu ya shati.

"Haya," alisema. "Wapelekee chai mlangoni. Na ukitoka, usifunge."