Sindano za Chini ya Benchi

Mzee aliingia uwanja wa kanisa la parokia na lawama tayari mdomoni. Kanisa limevuliwa paa, mirunda imelizunguka, na mabenchi yote arobaini yamepangwa nje juani, yanang'aa vanishi kama viatu vya bwana harusi.

"Nani kawatuma kuyagusa?" akamuuliza fundi seremala, mama mmoja mwenye penseli sikioni.

"Kamati, mzee wangu. Na nusu yanakwenda kwenye kanisa dogo la kigangoni leo saa nane. Lori liko njiani."

"Kamati. Hao wakikabidhiwa mbingu watang'oa milango."

Shida yake ilikuwa moja tu. Katika mabenchi yale lilikuwemo alilokalia marehemu mkewe miaka ishirini na sita, na tangu amzike, mzee hakai kwingine. Kulijua ni rahisi: mguu mmoja mfupi, ukikaa linayumba. Akaanza kuyakalia moja moja, akijitikisa huku na huku. La kwanza, kimya. La saba, kimya. Wapiga lipu waliokuwa juu ya mirunda wakaacha kazi wamtazame.

"Mzee, unachagua benchi au mchumba?" mmoja wao akauliza.

"Mchumba nilishachagua. Nyinyi ndio mmemficha."

Fundi akaona haya. "Hutalipata hivyo, baba. Miguu yote nimeisawazisha kwa mkono wangu."

Mzee akajiinamia. Kila kitu wamekipaka, kila alama wameifuta.

"Labda chini," fundi akasema polepole. "Chini sijagusa. Mwenyekiti wa kamati alikataa, eti vanishi ya kupaka pasipoonekana ni hasara."

"Ubahili mtup..." Mzee akaishia hapo. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kanisani alikuja na sindano imechomekwa kwenye kola. Siku moja, wakati wa kukumbatiana na kutakiana amani, akamchoma kidevu mwenyekiti huyohuyo. Tangu hapo mzee akapiga marufuku: kabla ya misa, sindano ichomekwe chini ya benchi. Kisha nyumbani mzee mwenyewe akawa ananung'unika kila wiki: hizi sindano zinapotelea wapi?

Akajilaza chali na shati lake la Jumapili, akaingia chini ya benchi. "Tafuteni sindano!" Wapiga lipu wakashuka, nao wakalala. Uwanja mzima ikawa miguu tu.

"Huku kuna nyuzi," fundi akaita kutoka safu ya nne.

Mzee akatambaa mpaka pale. Katika ufa wa ubao zilijipanga sindano zenye kutu, zaidi ya thelathini, kila moja na kipande cha uzi: mwekundu wa sare za kwaya, mweupe wa gauni la ubatizo la mjukuu wao. Alicheka mpaka machozi yakamwingia masikioni.

"Wewe mwanamke," alisema. "Na mimi nikamsingizia muuza duka kuwa anatupunja sindano."

Mwenyekiti alifika na orodha yake. "Hilo lina alama ya chaki, ni la kigangoni."

"Lala hapa kwanza uone."

Mwenyekiti akalala. Mkono ukaenda kidevuni wenyewe. "Kumbe ndiyo silaha yenyewe." Akainuka, akaifuta ile chaki kwa kidole gumba. "Libaki. Sindano tuzitoe?"

"Ziache. Mwenyewe anajua alipoziweka." Mzee akakohoa. "Na... asante." Neno lilimtoka kama jino.

Hata hivyo alilikalia palepale juani, amelishika kwa mikono miwili, mpaka lori lilipopakia na kuondoka. Kamati ni kamati.